Land Rover ya Baba na Injini ya Hiace

Siku hizi ukishuka feri ya kutoka Mwanza upande wa Kamanga unapokewa na michomoko. Imepanga foleni, Probox nyuma ya Probox, muziki ndani, dereva kaegemea mlango na simu mkononi, na hujatua hata begi umeshaulizwa kama ni Sengerema au Katunguru. Mnajibana wanne kwenye siti ya watatu, mlango unafungwa, mnaondoka. Mnafika hamjasalimiana.

Miaka ya tisini ilipoanza, na wenzangu mliosoma Sengerema mnisahihishe nikitia chumvi, feri ilikuwa ikigusa ufukwe na ule mlango wake wa chuma ukalalia kokoto kwa kishindo, watu wanatimka kupanda kilima viatu mkononi, akina mama na ndoo za sato kichwani, mwanafunzi na sanduku la bati lenye kufuli, askari wa likizo, mwalimu ndani ya kaunda suti iliyopigwa pasi ya mkaa, wote wakiwahi Land Rover mbili tatu zilizoegeshwa chini ya mti pua zikitazama bondeni, kwa kuwa iliyotazama mlima ilihitaji watu wa kuisukuma kabla haijawaka. Mojawapo ilikuwa ya marehemu baba. Juu ya kioo cha mbele iliandikwa kwa rangi nyekundu KAWIA UFIKE, herufi ya F ikiwa kubwa kuliko zote, sijui kwa nini.

Ilikuwa 109, Series III. Ilitoka kiwandani Solihull, Uingereza, ikiwa pikapu ya turubai, ikaja kufanya kazi kwenye shirika la umma lililohusika na pamba, ikabeba mabwana shamba na mbegu na dawa za kupulizia mpaka shirika lenyewe likaanza kuyumba, na namba yake ya SU ikaishia kwenye mnada. Baba akaipeleka kwa mchomeleaji mmoja wa Mwanza, akafungiwa fremu ya mabomba, bati juu na ubavuni, mabenchi mawili ya mbao yanayotazamana, ngazi nyuma na keria kubwa kuliko gari. Walioichora kule Uingereza wasingeitambua. Tangi la petroli lilibaki pale pale chini ya siti ya dereva, kwa hiyo ndani mlikuwa na harufu ya petroli wakati wote, na juu ya petroli dagaa, na juu ya dagaa kayabo, na mafuta ya nazi ya nywele za akina dada, na michembe iliyofungwa kwenye kanga. Benchi likijaa, utingo alisema bado nafasi ya mmoja. Kila siku ilikuwepo nafasi ya mmoja.

Karibu na goti la dereva, mbali na gia ya kawaida, palikuwa na vijiti viwili, kimoja chenye kirungu cha njano na kingine chenye kirungu chekundu. Abiria wazoefu walivisoma kuliko dereva. Baba akikandamiza cha njano, walijua tumeiacha luseni, ule mchanga unaopitika, tunaingia kwenye mbuga, udongo mweusi ambao mvua ikinyesha hushika gurudumu mpaka kwenye ekseli. Akivuta chekundu, walianza kushuka bila kuambiwa. Walikunja suruali, wakavuta pumzi, wakasukuma, na mtu wa kwanza kupakwa tope usoni ndiye aliyetoa mzaha uliotufikisha Sengerema. Zaidi kidogo ya kilomita 30, na masika ungeweza kuondoka asubuhi ukafika magharibi. Mama mmoja alijifungua ndani ya lile gari, tumekwama, wanaume wote tumeteremshwa tukageuza migongo yetu kuwa pazia. Mtoto alipona. Ninaisimulia kwa kicheko leo, lakini siku ile hakucheka mtu, na wanaosema zamani ilikuwa raha nawaombea wapate uchungu wa uzazi kwenye mbuga mwezi wa nne.

Spea hazikuwepo, au zilikuwepo Dar es Salaam, ambako ni sawa na kutokuwepo. Tulikuwa tumetoka tu kwenye miaka ya petroli ya kubahatisha, ya ile amri ya magari binafsi kutotembea Jumapili baada ya saa nane mchana, na mafundi waliokulia katika miaka hiyo hawakuwa na mazoea ya kungoja kitu kiagizwe. Bushi za springi zilichongwa kwenye kandambili. Gasketi ya pampu ya maji ilikatwa kwenye boksi la kadibodi, ikapakwa grisi, ikafanya kazi. Tangi likitoboka lilizibwa kwa sabuni ya kipande, kwa sababu petroli haiyeyushi sabuni, na kipande hichohicho jioni kikarudi bafuni na harufu yake. Kabureta ilipokufa ilifungwa ya Peugeot. Mlango wa kushoto ulitoka kwenye gari la misheni, ukaishi na rangi yake ya bluu miaka yote huku mwenzake ukiwa wa kijani. Betri ikizimika kulikuwa na hendeli, chuma kirefu kilicholala nyuma ya siti, unakipitisha kwenye tundu la bampa, unakizungusha kwa mkono mmoja ukiwa umeweka kidole gumba upande mmoja na vingine, maana injini ikirudisha kinyume na gumba lako liko ng'ambo ya pili, umevunjika. Utingo wetu alijifunza hilo kwa njia ngumu. Kifundo chake mpaka leo kimekaa upande.

Katika miaka yote hiyo sikumsikia mtu akiuliza kama kitu ni orijino. Waliuliza kama kitafika.

Kisha mambo yakaja taratibu, halafu yakaja yote kwa mkupuo. Lami ya kutoka Usagara kwenda Geita ikapita Sengerema, Hiace zikaingia, abiria wakagundua kwamba kuna viti vinavyotazama mbele. Waliobaki na Land Rover wakasogea ndani zaidi, kwenye njia ambazo Hiace ilikuwa haijathubutu, mpaka Hiace nayo ikathubutu. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan akafungua daraja la Kigongo–Busisi, lililopewa jina la John Pombe Magufuli, kilomita 3 za zege juu ya ghuba. Mliowahi kulala Busisi kwenye foleni ya malori ya Geita na Bukoba, mkila mahindi ya kuchoma kwa bei ya mtu asiye na pa kukimbilia, mnajua maana yake. Dakika chache umevuka. Gari la wagonjwa halingoji feri. Kamanga bado ina abiria wake, kwa kuwa feri yake inakushusha katikati ya mji wa Mwanza, lakini kama una gari na haraka huna sababu ya kuja huku. Nilivuka daraja lile wiki za mwanzo kioo kikiwa wazi, na nakiri lilinipendeza sana. Nilivuka kwa Toyota.

KAWIA UFIKE ikabaki chini ya mwembe nyumbani. Kuku wakataga kwenye benchi la kulia.

Hapo ndipo wachumba walipoanza kubisha hodi. Gari lilipokuwa na kazi, hakuna aliyelitamani isipokuwa wauza vyuma chakavu, na hao walitaka bodi tu, kwa sababu bodi ya Land Rover ni aluminiamu. Waingereza walipoianzisha mwaka 1948 chuma kilikuwa adimu baada ya vita, aluminiamu ya ndege ilikuwepo, wakaitumia kwa shida, na shida yao ikawa bahati yetu: kutu hula chesesi, bodi inabaki. Huku kwetu imebaki kwa namna mbili, kuna Land Rover ngapi mitaani na kuna Land Rover ngapi jikoni zikipika ugali zikiwa sufuria. Lakini Oktoba 2024 Arusha walifanya tamasha la Land Rover, mamia kwa mamia wakapanga msururu barabarani, 109 za babu zetu zimeng'arishwa zinatembea sambamba na Defender za juzi, na video zikazunguka kwenye kila simu. Baada ya hapo mtu yeyote mwenye kopo la aluminiamu uani alijiona tajiri.

Aliyekuja kwetu alitoka upande huo wa Arusha. Mtu mstaarabu, alimwamkia mama shikamoo kwa kuinama, akaomba mkeka, akalala chini ya gari na tochi. Alikuna chesesi kwa bisibisi hapa na pale akisikiliza mlio. Alisoma namba iliyogongwa kwenye chuma, akaipiga picha. Alitoka uvunguni na majani kichwani na furaha usoni, akatutajia bei ambayo ilimfanya mama akae. Halafu akaeleza atakachofanya. Bati la juu litoke. Fremu itoke, mabenchi yatoke, keria itoke. Mlango wa bluu hauna mahali. Kabureta ya Peugeot itupwe, ataagiza Zenith ya aina ileile ya kiwandani. Turubai itakuja kutoka Uingereza, na rangi itachanganywa mpaka ifanane na iliyokuwepo siku gari lilipotoka Solihull. Maandishi ya juu ya kioo, alisema kwa adabu, yataondoka na bati.

Kwa mtu anayependa magari, hakukosea hata neno moja. Ndivyo wanavyofanya wenye shughuli hii. Nairobi wana mashindano yao ya Concours tangu 1970, majaji wanakagua mpaka uvungu. Shirikisho la kimataifa la magari ya kihistoria, FIVA, lina mkataba uliopitishwa mwaka 2012, Mkataba wa Turin, unaotaka gari kama hilo litunzwe katika hali iliyo sahihi kihistoria, na mabadiliko ya lazima yafanywe kwa namna inayoweza kuondolewa baadaye. Gari la kihistoria kwa hesabu yao ni la miaka 30 kwenda juu, na sharti mojawapo ni kwamba lisiwe usafiri wa kila siku. Nililisoma sharti hilo mara mbili. Land Rover ya baba ilistahili kutambuliwa kihistoria tangu siku ilipoacha kutusaidia.

Kaka yangu mkubwa, anayeishi Geita, hataki kuuza wala hataki turubai ya Uingereza. Anataka thri eli. Wasiojua, 3L ni injini ya dizeli ya Toyota, lita 2.8, iliyokuwa kwenye Hiace na Hilux, na spea zake unazipata Mwanza nzima, mpaka kwenye maduka yanayouza misumari. Land Rover nyingi zinazoonekana zikitembea vijijini zina moyo wa Kijapani, ukifungua boneti unakutana nao. Injini yetu ya petroli, lita 2.25, inakwenda kilomita 5 au 6 kwa lita ikiwa na hali nzuri, na lita ya petroli si bei rahisi. Kwenda Sengerema na kurudi kwa bei hiyo, unampandisha nani?

Fundi tuliyemwita ni yuleyule mwenye kifundo kilichokaa upande. Alianza kuwa utingo wa baba, sasa ana gereji yake na vijana wanne, nami bado namwita kaka. Alinionyesha kazi ilivyo kwa chaki sakafuni. Gia boksi ya Land Rover inabaki, na vile vijiti viwili vinabaki, maana ukifunga gia boksi ya Hiace umepoteza njano na nyekundu zote mbili. Kati ya injini ya Toyota na gia boksi ya Mwingereza inawekwa sahani ya chuma, inayokerezwa kwenye mashine mpaka mashimo ya upande huu yaongee na ya upande ule. Ikikosea unene wa wembe, klachi haimalizi mwezi. Miguu ya injini inaweza kuchomelewa kwenye chesesi au kufungwa kwa nati. Nikamwambia nati, ili mtu akitaka kurudisha ya zamani arudishe. Akaniangalia. Rejeta ya Hiace ni fupi, itapanuliwa. Injini inakuja na pampu ya upepo, kwa hiyo breki zitapata msaada, mguu hautasimama tena juu ya pedali kama tunavyokumbuka kwenye mteremko wa kushuka ufukweni. Kisha TRA, kwa sababu kadi ya gari inataja namba ya injini, ukubwa wake na mafuta yake, na trafiki akikuta kadi inasema petroli na ekzosi inasema dizeli mtaongea kwa muda mrefu.

"Utausikitikia mlio," nilimwambia. Ule mlio wa petroli, laini ikiwa imetulia na unaofanana na mtu anayekoroma ikipanda, tuliujua kabla gari halijatokea kwenye kona. Thri eli inagonga.

"Mdogo wangu," akasema, "baba yako angepata thri eli mwaka ule, angeifunga usiku huohuo. Mimi ndiye ningeshika taa."

Hilo ndilo lililonimaliza. Baba hakuwa mtu wa kutunza kumbukumbu. Alikuwa mtu wa kufika, na kila kitu kwenye lile gari kilichonifanya niandike haya, mabenchi, mlango wa bluu, maandishi, keria, kiliwekwa na watu waliokuwa wakilibadilisha. Mnunuzi wetu kwa heshima zake zote anataka kulirudisha kwenye hali ambayo sisi hatukuwahi kuiona, hali ya siku chache melini kati ya Uingereza na bandari, na ili kufika huko lazima afute Kamanga yote kuanzia juu ya kioo. Kaka anataka kung'oa kitu kimoja tu kilichobaki cha kiwandani chenye maana, na akimaliza, ukisimama nje utaona gari lilelile. Kati ya hao wawili, mharibifu ni nani?

Yametokea hata kwa vyombo vikubwa zaidi. MV Victoria, meli iliyoanza safari mwaka 1961 na ambayo watu wa Bukoba na Mwanza waliihesabu kama ndugu, ilikaa miaka bila kutembea, ikafanyiwa ukarabati mkubwa, ikarudi majini mwaka 2020 na injini mpya. Mabishano niliyoyasikia vijiweni yalikuwa juu ya jina jipya, New Victoria Hapa Kazi Tu. Kuhusu injini, hakuna aliyelia. Watu walikata tiketi. Na Nairobi kuna kampuni iliyoitwa Opibus, sasa Roam, ambayo mwanzoni ilikuwa ikitoa injini za dizeli kwenye magari ya watalii na kuweka mota za umeme, kwa hiyo huenda mjukuu wangu akaandika makala ya kuililia thri eli. Namtakia heri.

Sitaki kujifanya hakuna kinachopotea. Injini ya zamani tutaitoa, fundi atamwaga oili kwenye silinda, tutaifunika turubai stoo, na kila mtu mwenye akili anajua mwisho wa injini iliyofunikwa turubai: siku moja atakuja mpwa mwenye shida ya ada. Vijana hawatajua hendeli, maana dizeli ile huwezi kuiwasha kwa mkono hata ungekuwa na mikono minne. Harufu itabadilika. Na ile hali ya watu ishirini na ushee kulazimika kujuana kwa sababu gari moja limekwama, hiyo iliondoka siku lami ilipofika, haina uhusiano na injini, na siirudishi hata ningelipwa.

Kwenye kikao mama alisema uzeni mnunue ng'ombe, akanyamaza, akauliza kama benchi la kulia litabaki, kwa sababu ana kuku anayeatamia. Tukakubaliana: gari haliuzwi, thri eli inafungwa kwa nati, bati halitoki, mlango wa bluu haupakwi rangi. Mnunuzi tulimpigia simu. Alisikitika kwa dhati, akasema tunaua gari, akaomba tukibadili mawazo tusimpigie mtu mwingine kabla yake. Nikamwahidi.

Limebaki suala la pawa steringi. Dada, ambaye ndiye pekee kati yetu anayeishi nyumbani na ndiye atakayeendesha kupeleka mananasi gulioni, ameujaribu usukani gari likiwa limesimama, akatoka anasugua mabega. Kaka anasema pawa steringi ni anasa na kwamba baba aliendesha bila hiyo. Dada akamuuliza kama baba aliendesha na thri eli. Kaka ameshalipa nusu ya bei ya injini, nusu ya pili ni yangu, na dada amesema atachangia pawa steringi tu, senti nyingine hatoi, kwa sababu hiyo ndiyo atakayoishika kila siku. Fundi ameiandika kwenye hesabu yake kwa kalamu ya risasi.